Naitwa Hayupo, na Nipo

Mimi naitwa Hayupo. Usicheke kwanza, ngoja nimalize. Hayupo Bakari, fundi baiskeli, Ngamiani, Tanga. Ukifika kibandani kwangu ukaambiwa "hayupo", wewe kaa kwenye benchi, nakuja sasa hivi, nimekwenda kununua gundi.

Jina hili sikupewa na baba wala mama. Nilipewa na kalamu. Mwaka 1971 mama alijifungua hospitalini, baba yuko dago upande wa Kigombe anatafuta samaki. Karani akapita kitandani na daftari lake, macho hayainui. "Jina?" Mama wa watu, hata maumivu hayajatulia, akadhani anaulizwa mwenye mtoto. Akajibu: "Hayupo." Karani akaandika. "La baba?" "Bakari." Akaandika, huyoo, kitanda cha pili.

Mama hakujua kusoma. Ile karatasi akaikunja, akaitia sandukuni katikati ya kanga. Siku ya saba nikanyolewa, nikachinjiwa mbuzi, nikaitwa Abdala. Miaka saba nimekula, nimelala na nimechapwa kwa jina la Abdala. Mpaka nilipopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu akaikunjua karatasi, akaisoma, akamtazama mama, akaisoma tena. Tangu siku hiyo Abdala ndiye asiyekuwepo.

Asubuhi ya kwanza darasani, mahudhurio yanaitwa.

"Hayupo Bakari!"

"Nipo, mwalimu."

"Nimemwita Hayupo."

"Ndiyo mimi."

"Kama hayupo, wewe unaitikia nini?"

Kiranja, Mungu amrehemu, akataka kunisaidia. Akasimama akasema, "Mwalimu, Hayupo yupo." Tulichapwa wote wawili. Mimi kwa kuwepo, yeye kwa kutoa ushahidi.

Sasa mtu atasema hayo mambo ya utoto, yamepita. Yamepita wapi? Mwaka juzi nimekwenda ofisi moja, siitaji, kufuata karatasi yangu. Nimefika saa moja asubuhi, nimekaa mwisho wa benchi mpaka mguu ukafa ganzi. Dada wa dirishani anaita mafaili. Zainabu Omari, akaenda. Jumaa Salehe, akaenda. Akaita, "Hayupo Bakari!" Kabla sijaunyoosha mguu, bwana mmoja wa mbele, wale wenye kiherehere, akamjibu, "Bakari hayupo dada, endelea." Faili langu nikaliona kwa macho yangu linakwenda kwenye rundo la waliokwenda zao.

Nikajikokota mpaka dirishani. "Dada, mimi ndiye Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Mimi."

Akanitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. "Baba, wewe upo."

"Nipo, mwanangu. Lakini ni Hayupo."

Akageuka nyuma. "Asha, hebu njoo umsikilize huyu mzee." Asha akaja na chapati yake mkononi, akasikiliza, akamwita wa tatu. Nilitoka pale alasiri inaadhiniwa, ofisi nzima inanijua, karatasi sina.

Harusi yangu sitaki hata kuisimulia kwa urefu. Shehe amekaa mkekani, udi unafuka, akauliza kwa sauti, "Bwana harusi ni nani?" Mjomba wangu akajibu kwa nidhamu zote, "Hayupo." Huko ndani kwa wanawake kilitoka kilio ambacho mama mkwe mpaka leo anasema lilikuwa shangwe.

Na sensa! Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 nimelala kwangu, Mungu shahidi. Kulipokucha naoga, karani akabisha hodi na kishikwambi chake, kijana mzuri tu, ana adabu. Akamuuliza mke wangu mkuu wa kaya ni nani. Mke wangu akajibu. Kijana akauliza, "Sawa, lakini usiku ule alilala hapa?" "Alilala." "Nani?" "Hayupo." Nilitoka bafuni na sabuni masikioni, taulo nimelishika kwa mkono mmoja, wa pili nampungia. Aliniandika huku amegeukia ukutani. Walipotangaza kwamba Watanzania ni 61,741,120, niliwaambia wa barazani: mmoja katika hao amehesabiwa na povu.

Haki ya Mungu, lakini, jina lina siku zake. Mwenye duka la spea nikichelewa kumlipa, akija nyumbani mke wangu anamwambia "Hayupo" hata Ramadhani, na funga yake haina doa. Anasema analitamka kwa herufi kubwa.

Msidhani mimi peke yangu. Pwani hii ya kwetu watoto walikuwa wanatupiwa majina kama maji ya kuoshea vyombo, ukipita ndiyo yako. Mama alipata shida, mtoto Shida. Ndugu wawili walitangulia mbele ya haki, wa tatu anaitwa Jaa ati kifo kidhani ni takataka kimpite. Mke mwenza alikuwa na maneno, binti anaitwa Semeni, na kila akiitwa kuja kuosha sufuria ujumbe unavuka ukuta. Sikujua, Sikudhani, Siwatu, Masumbuko, wote hao nimewazibia pancha. Jirani yangu ni Tabu binti Mashaka. Akienda kliniki akiitwa kwa jina kamili la mpaka babu, Tabu Mashaka Shida, wagonjwa wote wanadhani wanatajiwa hali zao, wanasimama.

Vijana wa mwaka 1991, wakati wa vita ya Ghuba, mtaani kwetu tunao akina Saddam watatu, wawili wanauza maji ya madafu na mmoja anaogopa kuku. Kwa wenzetu wa bara ndiyo kuna Goodluck na Godlisten. Happyness naye mzazi alimtilia Y mahali pa I, na mtoto anaitetea ile Y maisha yake yote kwenye kila fomu.

Ila jina baya nalo linategemea limemwangukia nani. Marehemu Amri Athumani, mtu wa hapahapa Tanga, watu walimwita King Majuto. Majuto! Na mpaka anafariki Agosti 2018, akitokea tu kwenye luninga, hajasema neno, nyumba nzima imeshacheka. Na Shaaban Robert wetu, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, Mwislamu, baba yake anaitwa Robert. Umewahi kusikia mtu kamuuliza? Ukishaandika Kiswahili kile, hata ungeitwa Sufuria bin Mfuniko, watu wataitika shikamoo. Mimi naziba pancha. Mimi naulizwa.

Basi nilidhani balaa hili nitakufa nalo, nizikwe nalo, na siku ya kuniswalia waulizane maiti yuko wapi. Kumbe limebakiza mguu mmoja.

Mwezi uliopita binti yangu Mwanaidi kajifungua mtoto wa kiume. Mume wake Rashidi ni kijana wa Dar es Salaam, dereva wa bajaji, hana neno, simu mbili. Siku ya tatu akanijia kibandani. Nilikuwa nimepindua baiskeli, tyubu mkononi, nasugua tundu kwa msasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Jina mmepata?"

"Tumepata, baba. La kisasa. Tumechukua la kwangu kidogo na la mama yake kidogo, tumeunganisha."

Nikapaka gundi. Gundi ukishaipaka huweki kiraka papo hapo, unaipulizia kwanza ikauke kidogo, ndiyo inashika. Nikawa napuliza. "Haya, nambie."

"Rashidi tumetoa Shid. Mwanaidi tumetoa Aidi. Shidaidi."

Nikaacha kupuliza.

"Rudia."

"Shidaidi, baba. Ila linaandikwa kwa Y mbili. Shydaidy."

Nikamtazama. Kijana amesoma, ana simu mbili, amezunguka mjini kote na bajaji yake, amekata majina ya watu na mkasi, ameunga, ametia Y kama achari, na mwisho wa safari amefika palepale walipofika bibi zangu bila nauli. "Mwanangu," nikamwambia, "hiyo ni Shida. Umeipiga rangi tu."

Akanuna. Akatoa simu ya kwanza. Akanionyesha kwamba huko Marekani tajiri Elon Musk mwaka 2020 alipata mtoto akamwita X Æ A-12. Nikamuuliza, hilo ni jina au namba ya gari? Akasema ni jina, ila sheria ya California haipokei tarakimu kwenye jina la mtu, ikabidi ile 12 igeuzwe Xii.

Hapo ndipo nilipopanda. Babu yangu mzaa mama alikuja Tanga kutoka Songea kukata mkonge. Unajua kwa nini waliitwa manamba? Kwa sababu walipewa namba. Kwenye mashamba ya watu huko, nyapara hakuwa na haja ya jina lako. Ulikuwa na kipande chako na namba yako, unaitwa namba, unaitika namba, unakatwa mshahara kwa namba. Babu alikufa akisema mambo mawili alikuja kuyapata tena uzeeni, mgongo na jina. Sasa leo mtu mwenye mali zake zote, hakuna nyapara anayemsimamia, amkalie mwanawe kitako ampe namba kwa hiari?

Rashidi akakaa kimya. Halafu, si unajua simu, ukiifungua kwa ajili ya kumshinda mtu na yeye inampa silaha, yakatoka mengine. Ufaransa mwaka 2014 wazazi walimwita binti yao Nutella, ile chokoleti ya kupaka mkate. Mahakama ikaona mtoto atachekwa, ikamwandika Ella. New Zealand mwaka 2008 kuna mtoto wa kike wa miaka tisa aliyekuwa anaitwa, nisaidie ulimi, Talula Does The Hula From Hawaii. Jina lina safari ndani yake. Hakimu akamweka mtoto chini ya uangalizi wa mahakama ili libadilishwe. Na kumbe yule mtoto alikuwa anawaficha rafiki zake. Amewaambia wamwite K. K tu.

Hilo la K liliniingia. Na mimi nilipohamia darasa jingine niliwaambia wenzangu naitwa Dula. Ilidumu mpaka mahudhurio ya kesho yake.

"Kwa nini hukubadilisha, baba?" Rashidi akaniuliza, sasa kwa sauti ya chini. Nikamwambia nilikwenda kwa wakili. Kuna kiapo, kuna mihuri, kuna hela, halafu uanze kuifukuza kila karatasi moja moja uiambie kwamba yule asiyekuwepo ndiye huyu aliyepo. Nikaona afadhali nizibe pancha. Tena mama alikuwa hai. Yeye peke yake alikuwa akiniita Abdala, na alikuwa anaona ameyaharibu yeye. Ningebadilisha ningekuwa namwambia kweli ameyaharibu.

Jioni tukalipeleka suala barazani, kwenye kahawa. Shehe wetu akapiga funda, akamung'unya kashata, akasema kuna bwana mmoja alikwenda kwa Mtume, jina lake Hazn, yaani ardhi ngumu, ukakasi. Mtume akamwambia, wewe ni Sahl, mwepesi. Yule bwana akakataa, akasema hawezi kubadilisha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake baadaye akasema, basi ule ugumu ukabaki nyumbani kwetu.

Baraza zima likageuka kunitazama mimi. Nikasema jamani, mimi langu hata baba hakunipa.

Lakini Rashidi alikuwa amesikia. Akaomba simu isitazamwe kwanza, akafikiri. "Sahali," akasema. Tukalionja mdomoni. Sahali Rashidi. Linateremka. Tukakubaliana, mbuzi akachinjwa siku ya saba, kichwa kikanyolewa, na usiku ule Rashidi akaninong'oneza kama linaweza kuandikwa Sahaly. Nikamwambia arudi Dar es Salaam salama.

Akarudi. Juzi ndiyo tumekwenda kumwandikisha mtoto, mimi na Mwanaidi, mtoto amefunikwa kanga analala kama hana habari na dunia. Dada wa mezani ana kalamu, ana fomu, na macho hayainui. Mgongo ukaniwasha. Nikauona ule ukoo.

"Jina?"

"Sahali," nikasema, nikamtajia herufi moja moja, I ya mwisho nikaitaja mara mbili.

Akaandika. Kalamu ikashuka mstari wa pili. "Baba?"

Mwanaidi akafungua mdomo, na mimi namjua mwanangu, kamrithi bibi yake. Nikamwona ulimi unakwenda kwenye H. Nikamkanyaga mguu, nikamwahi, nikajibu mimi haraka haraka:

"Amesafiri."

Dada akatikisa kichwa, akainama. A. M. E.

Nikaudaka mkono wake juu ya karatasi. "Mwanangu," nikamwambia, "hebu inua macho kwanza."