Paneli juu ya dampo: hofu ipi ina uzito?

Dampo la Chidaya, linalopokea taka za Dodoma, nalo litajaa siku moja. Ukisema likifungwa lifunikwe paneli za sola, tena ziwe mali ya ushirika wa wakazi, Dodoma utajibiwa mambo mawili. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme mwingine wa nini? Na ushirika, nani asiyejua unavyoliwa?

Hilo la ushirika silipuuzi. Katiba ya kila mwanachama kura moja hailindi kitu ikikaa kabatini. Analinda yule anayesimama mkutanoni akadai hesabu. Na mnunuzi ni TANESCO, shirika la umeme, bei inapita EWURA, mdhibiti wa nishati. Wanachama hawajipangii.

La bwawa ndilo linalonisumbua. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitukuta kiangazi, maji yamepungua, na juu ya Dodoma hakuna wingu. Ndiyo, bwawa lilikuwa halijaanza kuzalisha. Lakini Rufiji inayolijaza nayo ni mto, na mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, basi.

Halafu ardhi. Megawati moja inataka ekari 5 hivi. Zitoke wapi? Tangu enzi za CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa 2017, mji huu haujaacha kuvutana na wenye mashamba: pima, fidia, hamisha. Ekari 5 za Mpunguzi ni zabibu za mtu. Ekari 5 za dampo hazilimwi wala hazijengwi. Taka zinaoza, ardhi inatitia, methani inatoka kwa miaka. Mwenye kiwanja atalia. Paneli zinavumilia, ila hazichimbiwi nguzo: nguzo ingetoboa udongo uliofunika taka, mvua ipenye hadi chini. Zinakalishwa juu ya vitalu vya zege, na penye kutitia fremu inasawazishwa. Gharama inapanda, nakubali. Lakini hakuna wa kuhamishwa.

Au tuseme karibu hakuna. Waokota chupa na vyuma chakavu wanaishi kwa dampo hilo. Likifungwa, riziki imefungwa. Sasa pitisha kidole juu ya paneli mwezi Septemba: kinarudi na vumbi jekundu. Vumbi linakula umeme, lazima paneli zisafishwe, na maji ya Dodoma mnayajua, kwa hiyo ni kazi ya mikono na brashi, wiki hadi wiki. Wao ndio waanze kupewa kazi hiyo, na waandikwe uanachama kabla ya sisi wenye hela ya hisa.