Mtoto Aliyekufa Kabla ya Maji

"Alikuwa amebatizwa?"

Swali hilo huulizwa msibani kabla jeneza dogo halijafungwa. Mara nyingi anayeuliza ni katekista asiye na nia mbaya, anataka tu kujua amwite padre au asimwite. Jibu likiwa hapana, sauti zinashuka. Wimbo mmoja, kina mama wanne watano, shimo fupi karibu na migomba, watu wanatawanyika. Jioni anafika mtu anayejiona ameisoma dini, anakaa karibu na mama ambaye maziwa yanamjaa matiti na hakuna wa kunyonya, anamwambia taratibu kwamba mtoto wake hayuko motoni, lakini mbinguni pia hawezi kuingia. Yuko limbo.

Sentensi hiyo imeniudhi kwa muda mrefu, na naandika kwa sababu bado inasemwa, tena na Wakatoliki wenzangu wanaodhani kwamba wanalinda imani.

Vifo vya aina hii si vichache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kenya, utafiti wa mwaka huohuo ulipata 21. Wengi wao hufa wiki ya kwanza. Sasa linganisha na mwendo wa ubatizo parokiani: jina linaandikishwa, wazazi wanahudhuria semina, msimamizi anatafutwa, ndoa inaulizwa, tarehe inapangwa. Hakuna familia inayomaliza hayo ndani ya siku tatu. Mtoto aliyekufa siku ya tatu hakukataa chochote, wala wazazi wake hawakukataa. Muda haukuwepo.

Limbo ilitoka wapi? Haimo kwenye Biblia. Imezaliwa na hofu ya hoja moja. Mtakatifu Agostino alipokuwa akipambana na wafuasi wa Pelagio, waliodai kwamba mtu aweza kuokoka kwa juhudi zake, mwanzoni mwa karne ya 5, alihitaji kuonyesha kwamba hakuna anayeokoka kwa nguvu zake mwenyewe, hata mtoto mchanga. Hapo alikuwa sahihi. Lakini aliisoma Warumi 5:12 kwa Kilatini, na Kilatini chake kilisema kwamba ndani ya Adamu wote walitenda dhambi. Kigiriki cha Paulo hakisemi hivyo. Fungua Biblia ya Kiswahili uliyo nayo mezani: "mauti ikawafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi." Kati ya "ndani yake" na "kwa sababu" pana bonde kubwa, na katika bonde hilo wamezikwa watoto wengi. Agostino alifika mahali pa kusema kwamba wasiobatizwa wamo katika hukumu, ila adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Karne nyingi baadaye Thomas wa Akwino na wenzake walijaribu kulainisha: watoto hawa hawateseki, wana furaha ya asili, ila hawamwoni Mungu uso kwa uso. Hiyo ndiyo limbo. Ilianza kama huruma ya wanateolojia waliokwama.

Na wazazi waliokwama walifanya nini? Pale Oberbüren, karibu na Bern nchini Uswisi, palikuwa na hekalu la Bikira Maria ambako familia zilibeba watoto waliozaliwa wafu, wengine kutoka mbali sana. Mwili uliwekwa kati ya mishumaa na makaa ya moto hadi upate joto, halafu unyoya mwepesi ukawekwa midomoni. Unyoya ukitikiswa na hewa ya moto, walisema amepumua, wakamwagia maji upesi, wakamzika kama Mkristo. Mwaka 1486 askofu wa Konstanz alipeleka malalamiko Roma kwamba zaidi ya watoto 2,000 walikuwa wamepitishwa humo. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua eneo hilo katika miaka ya 1990, walikuta mifupa ya vichanga karibu 250, mingine midogo ya mimba zilizotoka. Wazazi wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wameambiwa kwamba pumzi moja ndiyo inayotenga mbingu na kutokuwepo mbinguni, wakaitafuta pumzi hiyo kwa kila njia.

Ireland hali ilidumu hadi karne ya 20. Kule yako makaburi zaidi ya 1,000 yanayoitwa cillín, nje ya ardhi iliyobarikiwa: kando ya mipaka ya mashamba, ufukweni, kwenye magofu. Baba alimbeba mtoto usiku, akachimba, akaweka jiwe lisilo na jina, akarudi nyumbani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikataza wazi mazishi ya Kanisa kwa asiyebatizwa, isipokuwa mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa. Waanglikana nao waliandika katazo kama hilo katika Kitabu cha Sala cha 1662. Wamisionari waliotuletea Injili Afrika Mashariki walikuja na vitabu hivyo mkononi, na desturi ya kushusha sauti msibani tukaipokea pamoja navyo.

Nije kwenye kiini. Tuchukue mapacha, Kulwa na Doto, wamezaliwa kabla ya wakati, wodi moja, mama mmoja, usiku mmoja. Kulwa anapumua kwa shida. Muuguzi Mkatoliki anamwona, anachota maji, anambatiza. Dakika kumi baadaye Kulwa anafariki. Doto anazaliwa wakati mama ameanza kutoka damu nyingi, muuguzi yuleyule mikono yote iko kwa mama, na Doto anafariki kabla hajageukiwa. Wote wawili walikaa tumbo moja. Wote hawakutenda jema wala baya. Wote waliombewa na mama mmoja. Anayefundisha limbo lazima anijibu bila kuzunguka: je, kilichomtenga Doto na Mungu milele ni damu ya mama yake?

Maana hapo ndipo hoja inapofika ukiifuata hadi mwisho. Ikiwa wokovu wa kichanga unategemea maji kumfikia, basi unategemea pia bodaboda kupita njia ya matope, umeme kutokatika, idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku, na umbali wa kijiji hadi zahanati. Mtoto wa mjini ana nafasi kubwa ya mbinguni kuliko mtoto wa kijijini. Mtoto wa tajiri kuliko wa maskini. Hukumu ya namna hiyo hata baraza la wazee la kijiji lingeona aibu kuitoa, nasi tunaiweka kinywani mwa Yule ambaye Ibrahimu alimwuliza, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Yesu anasema, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie," na hakuongeza sharti la cheti.

Najua aya nitakayorushiwa. Yohana 3:5, mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho. Ni aya nzito, sitaipunguza. Lakini aliyekuwa akiambiwa ni Nikodemo, mtu mzima, mwalimu wa Israeli, mwenye masikio na miguu ya kwenda kubatizwa. Na Marko 16:16 isomwe yote: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Sehemu ya pili haisemi asiyebatizwa. Tena kila tarehe 28 Desemba tunavaa nyekundu na kuwaadhimisha Watoto Mashahidi wa Bethlehemu, waliouawa na Herode. Hakuna hata mmoja aliyebatizwa kwa maji. Mtaniambia walibatizwa kwa damu, nami nakubali. Lakini hawakuchagua kufa kwa ajili ya Kristo, hawakumjua. Kanisa lilitambua kwamba neema inaweza kumfikia mtoto asiyeweza kuiomba. Likitambua mara moja, limeshatambua.

Kuna jambo moja nalazimika kulikubali, na silipendi. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ulisema kwamba hata anayekufa na dhambi ya asili peke yake, ile tunayozaliwa nayo kutoka kwa Adamu, hushuka kuzimu, ingawa kwa adhabu tofauti. Maneno hayo yapo. Mtaguso wa Trento nao, mwaka 1547, ulisema hakuna kuhesabiwa haki bila ubatizo au hamu ya ubatizo. Kardinali Cajetan, mwanateolojia wa karne ya 16, alipendekeza kwamba kwa kichanga, hamu ya wazazi itoshe, na Papa Pius V akaamuru maoni hayo yaondolewe katika vitabu vya Cajetan. Kwa hiyo asitokee mtu akadai Kanisa siku zote limesema ninavyosema mimi. Halikusema.

Ila limeendelea kutafakari. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1257, inasema Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Namba 1261 inawakabidhi watoto hawa kwenye huruma ya Mungu, na neno limbo halimo. Tarehe 20 Aprili 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa kibali cha Papa Benedikto XVI, ilitoa waraka mzima juu ya swali hili. Unasema limbo haina msingi ulio wazi katika ufunuo, na kwamba tuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hawa wanaokoka. Ni tumaini, si uhakika, na limbo imeachwa kama maoni yanayoruhusiwa. Sawa. Basi anayeishikilia aishike chumbani kwake. Hana ruhusa ya kuibeba kama fundisho la Kanisa hadi kwenye mkeka wa mama aliyefiwa.

Walutheri wanashikilia kwamba ubatizo ni wa lazima, lakini Luther mwenyewe mwaka 1542 aliwaandikia faraja kina mama walioharibikiwa mimba. Wapresbiteri wa Marekani ilibidi wangoje hadi mwaka 1903 ndipo watamke kwamba ungamo lao lililotaja "watoto wateule" halimaanishi kuna watoto wanaopotea. Wapentekoste wengi hawabatizi vichanga, hivyo swali hili halijawahi kuwaliza. Na mababu zetu waliokufa kabla mmisionari yeyote hajatia mguu Bagamoyo, hoja yao ni hiihii, na *Lumen Gentium*, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, namba 16, imeshawajibu tangu 1964.

Asije mtu akasema nawakatisha watu tamaa ya kubatiza. Mtoto akiwa hatarini, abatizwe, na kila mzazi na muuguzi ajue jinsi. Katika dharura yeyote anaweza, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lifanyalo Kanisa. Maji yawe maji kweli: ya bomba, kisima, mvua, bahari. Maziwa, mafuta au mate hayafai. Yamwagwe kichwani yatiririke kwenye ngozi. Kidole chenye unyevu hakitoshi, na yakiishia kwenye kofia au nywele tu, kuna mashaka. Kwa mtoto njiti aliye kwenye mashine ya joto, maji vuguvugu kiasi cha kijiko cha chai, yakidondoshwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yanatosha. Anayemwaga ndiye anayesema, kwa wakati huohuo: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mmoja asimwage mwingine akasema. Na isiwe "tunakubatiza": mwaka 2020 Roma ilitamka kwamba ubatizo wa hivyo ni batili, na mwaka 2022 jimbo la Phoenix, Marekani, lilitangaza kwamba maelfu ya watu walikuwa wamebatizwa kwa neno hilo. Kama hujui mtoto yu hai, anza na "kama u hai". Aliyekwisha kufa habatizwi, sakramenti ni za walio hai, na muuguzi asilazimishwe. Akinusurika, paroko aarifiwe, jina liingie kitabuni. Shahidi mmoja anatosha.

Sasa mazishi, maana hapa ndipo ujinga unapoumiza zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1183 kifungu cha 2, inamruhusu askofu, au makamu wake, kutoa kibali cha mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza akafa kabla. Misale yenyewe, kitabu cha sala za misa, ina sala za misa ya mtoto aliyefariki bila ubatizo. Si kitu cha kubuni, kipo altareni. Kinachokwamisha ni muda. Kichanga kwetu huzikwa siku hiyohiyo, mara nyingi kabla ya jua kuzama, na paroko anayetaka kufuata taratibu akiandika barua kwenda jimboni, jibu linakuta kaburi limeshaota majani. Katekista asiyeijua kanuni hiyo haombi kabisa, anahitimisha tu kwamba haiwezekani.

Dawa yake imo katika kanuni ileile. Hakuna kinachomzuia askofu kutoa kibali hicho mapema kwa parokia zake zote, kwamba wazazi wakisema walikusudia, paroko aende akazike. Barua ya namna hiyo inajaa ukurasa mmoja. Isomwe vigangoni Jumapili moja kabla ya tarehe 28 Desemba, na nakala ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la katekista, pale anapotundika kanzu yake.