Unywele Mmoja Lanzhou

Ukiingia duka la tambi mjini Lanzhou, kaskazini-magharibi mwa China, hakuna anayekuuliza unakula nini. Unakula tambi za supu ya ng'ombe, basi. Swali ni upana. Zipo nyembamba kama unywele, zipo za pembe tatu, zipo pana kama mkanda wa suruali, na zote zinavutwa kwa mkono pale pale huku unaangalia.

Wenyeji huzila tangu alfajiri, na maduka mengi hufunga mchana ukisogea, kwa hiyo niliingia mbio. Nikalipa kaunta, nikapewa kikaratasi, nikakipeleka dirishani. Mpishi alikuwa Mwislamu wa kabila la Hui, kofia nyeupe kichwani. Nikamtolea salamu: "Asalaam aleikum!" Lo! Akaacha donge mezani, akaitikia kwa sauti ya kuamsha mtaa, akawaita wenzake waje wanione. Kisha akaniuliza kitu. Kichina changu hakitoshi hata kuomba maji. Nikadhani anauliza nimetoka mbali kiasi gani, nikatanua mikono yote miwili.

Akatikisa kichwa kwa furaha, akaanza kazi.

Fundi wa tambi ni wa kutazamwa. Anavuta donge, analikunja, analibamiza mezani, anavuta tena. Kila mkunjo idadi inakuwa maradufu, hata ikifika mikunjo 8 ana tambi 256 mikononi na hakuna iliyokatika. Zangu hazikufika huko. Alilibonyeza donge likawa bapa, akalivuta mara chache, akalitupa kwenye maji ya moto.

Bakuli likaja: supu ang'avu, vipande vyeupe vya figili, giligilani, mafuta mekundu ya pilipili yakielea juu. Nafasi iliyobaki ilikuwa mbele ya mzee mmoja mwenye shati jeupe. Nadhani mnaona tunakoelekea.

Mkanda wa kwanza ulipanda na vijiti hadi usawa wa kidevu, ukateleza, ukajitupa kwenye supu. Shati la mzee likatapakaa mafuta toka kola hadi mfukoni. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili, lugha pekee iliyokuja. Mzee wa watu hakufoka. Alinifundisha kwa vitendo: inamisha kichwa, peleka mdomo bakulini, vuta. Nikavuta. Mkia wa tambi ukanichapa jichoni na pilipili yake yote. Kwa jicho lililobaki nikaona kibirika kidogo mezani, nikajimiminia chai, nikapiga funda kubwa.

Siki.

Nikaona bora niombe nyembamba. Nikabeba bakuli hadi dirishani, nikamwonyesha mpishi, nikang'oa unywele mmoja kichwani, nikauinua juu ya supu na kuusonta kidole: kama huu, ndugu yangu, kama huu.

Duka zima likanyamaza. Mwenye duka akatoka kaunta, akautazama unywele, akalitazama bakuli, akamgeukia mpishi na kuanza kumfokea. Wateja wakaweka vijiti chini, kila mmoja akichungulia supu yake. Mimi nikazidi kuusonta ule unywele, nikidhani nasaidia.

Mpishi, uso umemwiva, akavua kofia na kuinamisha kichwa mbele ya umati. Upara mtupu, unang'aa kwa mvuke. Akamvua na msaidizi wake kofia: kanyoa kwa wembe. Ndipo mzee wa shati akanyanyuka, akauchukua unywele vidoleni mwangu, akaunyoosha, akauachia. Ukajisokota. Akautazama, akakitazama kichwa changu, akaangua kicheko kilichomfanya ashike meza. Duka zima likafuata, mwenye duka naye.

Mpishi aliniletea bakuli jingine yeye mwenyewe, nyama imejaa hadi ukingoni, mkono kifuani, salamu juu ya salamu. Tambi zilikuwa za upana ule ule.

Mzee akachukua koti lake kitini, akalivaa, akafunga zipu hadi kidevuni.