Umevamiwa au umeishiwa?

Katika tiba ya jadi ya Kichina kuna swali ninaloliheshimu kuliko mengine yote: mwili huu umevamiwa, au umeishiwa? Ziada, yaani shi, ni pale kitu kibaya kinapojaa mwilini huku mwili ungali na nguvu za kupambana nacho. Upungufu, xu, ni pale nguvu zenyewe zinapopwaya. Ziada hutolewa, upungufu hujazwa. Tabibu akikosea hapo, dawa yake humdhuru mgonjwa.

Dalili zake hushikika kwa mkono. Anayeumwa tumbo akikwepa kuguswa, huhesabiwa kuwa ni wa ziada. Akitulia unapombonyeza, ni wa upungufu. Mapigo yanayosukuma kidole kwa nguvu ni upande mmoja, yanayopotea ukikandamiza kidogo ni upande wa pili.

Uzito wa jambo hili ulionekana Kaifeng mwaka 1232, Wamongolia walipouzingira mji huo mkuu wa dola ya Jin. Mzingiro ulipolegea, watu walikufa kwa wingi. Matabibu waliona homa, wakadhani baridi imeingia kutoka nje, wakatoa dawa za kutokwa jasho na za kuharisha. Li Gao, tabibu wa zama hizo, alisema walikosea: watu hawa walikuwa wamemalizwa na njaa, hofu na uchovu, na homa yao ilitoka ndani. Wapo wanahistoria wanaohisi ilikuwa tauni. Hata ingekuwa hivyo, kumharisha mtu aliyetoka kushinda njaa ni kumsukuma kaburini, na hapo namuunga mkono Li Gao bila kusita.

Lakini kosa la leo, kwa maoni yangu, limegeukia upande wa pili. Na si jipya: tabibu wa Kichina Xu Dachun (1693–1771) alilalamika kwamba matabibu wanampa kila mtu jinsengi, mzizi wa kuongeza nguvu, na familia zinafilisika kuinunua, kwa sababu kila mgonjwa hupenda kuambiwa amepungukiwa. Ubaya ambao haujatolewa, alionya, dawa ya kujenga huufungia ndani.

Wauzaji wengi wa dawa za kuongeza nguvu wanaishi kwa neno hilo hilo. Uchovu? Umepungukiwa. Usingizi hauji? Umepungukiwa. Hakuna aliyeshika mapigo wala kutazama ulimi. Naona huko ni kuisaliti elimu wanayojinasibu nayo, maana elimu hiyo yenyewe inakubali kwamba ziada na upungufu huweza kukaa katika mwili mmoja. Mfikirie mtu aliyepauka, anayehema akipanda ngazi, kumbe ana minyoo ya safura inayomnyonya damu utumboni. Damu imepungua kweli, lakini aliyevamia bado yumo. Mpe chupa kumi za dawa ya nguvu, minyoo itaendelea kunywa. Anahitaji kupimwa choo na damu, apewe dawa ya minyoo na madini ya chuma, na vipimo hivyo havifanyiki kwenye meza ya muuza chupa.