Jasho la Doha: jinsia, umri au hewa yenyewe?

Usiku wa tarehe 27 Septemba 2019, wakimbiaji wanawake 68 walianza marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Doha. Ilibaki dakika moja kufika saa sita usiku, lakini joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 32 na unyevu wa hewa ulipita asilimia 70. Waliomaliza ni 40 tu. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, ilhali Januari ya mwaka huohuo alikimbia Dubai kwa 2:17:08. Wiki moja baadaye wanaume walikimbia mjini humohumo, na karibu robo tatu wakafika mwisho. Mtu akitazama hesabu hizo juujuu atasema mwili wa mwanamke hauhimili joto.

Kuna chembe ya ukweli hapo. Kila tezi ya jasho ya mwanamke hutoa jasho kidogo kuliko ya mwanamume, na yai likishapevuka joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5. Lakini wanaume wale walipata hewa yenye nafuu na kavu zaidi, na hapo ulinganisho unavunjika. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa kilokalori 580 hivi. Ikidondoka chini haiondoi kitu. Kwa hiyo kwenye unyevu mzito, kama wa Mombasa mwezi Machi, anayetoka jasho jingi humwaga maji bure, na mwili mdogo, wenye ngozi nyingi kwa kila kilo, hunufaika. Hewa ikiwa kavu na yenye joto kupita la ngozi, mambo hugeuka: mwenye jasho jingi ndiye hupoa. Ukilinganisha watu wenye uzito na mazoezi sawa, tofauti ya jinsia huonekana tu kazi inapokuwa nzito sana.

Umri, kwa maoni yangu, ndio wa kuogopwa zaidi. Kuanzia miaka 40 hivi damu huchelewa kufika kwenye ngozi, jasho hupungua, na baadaye hata kiu huchelewa. Mazoezi ya kudumu hupunguza pengo hilo, hayalifuti. Watoto nao walidhaniwa dhaifu mno kwenye joto, hadi mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipobadili msimamo: wakipata maji na mapumziko ya kutosha, hawako nyuma ya watu wazima.

Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi na sodiamu (chumvi) ya damu inaweza kushuka. Wenye miili midogo wanaokimbia taratibu, wengi wao wanawake, ndio huathirika zaidi. Dalili za sodiamu kushuka, kutapika na kuchanganyikiwa, hufanana na za kiharusi cha joto (mwili unapopata joto la hatari), kwa hiyo usimnyweshe mgonjwa maji kwa kubahatisha. Pima joto kwa njia ya haja kubwa. Likizidi nyuzi 40 na akili imevurugika, mtumbukize kwenye maji ya barafu palepale, kichwa kikishikiliwa juu, ndipo apelekwe hospitali.