Sikumwekea baba mkwe mikono, nilikuwa natoa gololi

Haya, kabla hamjaendelea kuniita mchungaji, na mimi nipeni nafasi niongee. Kuna mtu, simtaji, anajijua na sasa hivi anasoma hapa anacheka, ameshasambaza kaklipu ka sekunde 11 hakana mwanzo hakana mwisho, mnaniona nimesimama nyuma ya mzee wa watu, kiganja kichwani kwake, macho nimeyatoa, na chini kaandika "mkwe anapokea upako". Upako gani! Sikilizeni.

Mi na kiherehere changu nilitangaza wiki nzima kwamba wakwe watarajiwa wakija mchana wa Krismasi hawanywi soda, wanakunywa babo tii (bubble tea), ile chai yenye vigololi laini vya kutafuna, ya mkono wangu, tena ya rangi za sikukuu, gololi nyekundu na kijani ndani ya chai ya maziwa yenye mdalasini na tangawizi. Mchumba wangu akauliza mara moja tu, "umeshawahi kuipika?" Nikamwambia nimeangalia video nne. Akanyamaza, na mimi nikaona nimeshinda.

Zile gololi zinatengenezwa kwa wanga wa muhogo. Wanga jamani, si unga. Hapo tu nilipoteza asubuhi nzima, maana unga ni muhogo wote umesagwa na nyuzi zake, nikafinyanga vidude vyangu vizuri nikatumbukiza kwenye maji, dakika mbili sufuria imekuwa uji. Raundi ya pili nikapata wanga wenyewe nikaumwagia maji ya vuguvugu, weee, kile kitu ukikikandamiza kinakuwa kigumu kama jiwe, ukikiachia kinatiririka kinarudi bakulini kama vile hakikujui. Kumbe maji yanatakiwa yawe yanatokota, yauivishe ule wanga kidogo ndo ushikane. Raundi ya tatu ikakubali. Nikaviringisha kimoja kimoja mpaka vidole vikafa ganzi, dakika 20 motoni, 20 nyingine zimefunikwa, halafu nikazitosa kwenye shira ya sukari ya kahawia, shira nzito, inayonata. Hilo neno "inayonata" lishikeni, tutalihitaji. Nyekundu niliitoa kwenye bitiruti, na ilipochemka ikachuja ikabaki pinki ya dawa ya kikohozi ya watoto, ila kijani ilikaa, sina la kulalamika.

Sasa wageni wako mezani, besti kashika simu anarekodi (ndiyo, mimi mwenyewe ndo nilimwomba, msinikumbushe). Babo tii lazima itikiswe, ndo inapata lile povu. Ila huko Taiwan ilikoanzia miaka ya 1980 watu wana akili zao, wanatikisa chai na barafu, gololi zenyewe zimetulia kwenye glasi zinasubiri. Mi nikasema barafu ya nini kwenye tangawizi, tunywe ya moto. Nikajaza chupa chai ya moto, maziwa, gololi zote humo humo, nikabana kifuniko, nacho ni kile cha kubonyeza si cha kuzungusha, nikaanza kutikisa mbele ya ukoo wa watu huku nakata kiuno kidogo. Mtikiso wa tatu, hewa na mvuke vikakosa pa kukaa humo ndani.

POOO!

Kifuniko kikaenda darini, chai ikakifuata, gololi zikaifuata chai. Hakuna aliyeungua, gauni langu jeupe tu ndo marehemu. Watu wakacheka, mama mkwe akasema "pole mwanangu", tukafuta meza, tukafuta sakafu, tukafuta viti. Dari hatukufuta. We nawe unafutaga dari? Usinijibu.

Baba mkwe akaona atuokoe, akasema jamani tuombee chakula. Yeye kakaa kwenye kiti cha mbele, mimi nimesimama nyuma yake na tambara langu mkononi, upara wake unang'aa kama umepigwa msasa. Macho yakafungwa. Akaanza, "Ee Mungu, tunakushukuru kwa mikono iliyoandaa meza hii..."

Pwa.

Nikafungua macho. Gololi ya pinki, katikati kabisa ya upara. Ingedondokea pembeni ningesema basi, lakini hii ni kama ilipimiwa kwa rula. Mzee akasita kidogo, nadhani alihisi nzi, akaendelea. Na gololi ikaanza safari. Polepole, mwendo wa konokono, inateleza na shira yake kuelekea kwenye paji la uso, nyuma inaacha kanjia kanakong'aa. Nikapiga hesabu: maombi yamefika kwa wagonjwa, bado wasafiri, halafu amina, muda ninao. Nikanyoosha vidole viwili. Nikaigusa. Ikakwepa! Hamjui ubishi wa ile kitu ikiwa bado laini, ukiiminya upande huu inachomokea kule. Nikajaribu tena, ikakwepa tena, sasa imebakiza vidole viwili ifike kwenye nyusi, na mimi kwa kuhofia isimwingie machoni nikaifunika na kiganja kizima. Nikakandamiza.

Maombi yakakata.

Kimya. Nasikia mpaka friji ya jirani. Mzee hakugeuka, alifungua jicho moja tu akaliinua juu taratibu, juu, juu, mpaka likakutana na la kwangu. Nina mkono kichwani kwa baba yake mchumba wangu, na mkono hautoki maana umegandia shira. Sijui nilipatwa na nini, naapa sijui, nikasema kwa sauti, "Amina."

Na meza nzima ikaitikia, "AMINA!"

Wakafungua macho wote kwa pamoja. Na hapo hapo, pwa, ya kijani, juu ya mgongo wa mkono wangu.

Klipu inaishia hapo, ndo maana mnaona nimepokea nguvu kutoka juu.

Yaliyobaki hayana maana. Niliubandua mkono, nikaomba radhi, tukala. Robo ya chai iliyosalia chupani tuliinywa kwa vijiko kwa sababu mirija niliyonunua ni ile myembamba ya soda, gololi haipiti hata uiombee (samahani). Mama mkwe aliomba aongezewe gololi bila chai. Uchumba upo, asanteni kwa kuuliza. Baba mkwe hakuligusia lile jambo mchana kutwa, mpaka walipofika mlangoni wanaaga, akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yangu, akasema "mchungaji, safari njema au vipi?"

Darini bado zipo nne, zimekauka ngumu kama kokoto, ngazi ya kufikia sina. Na wewe besti, hiyo klipu ifute, au basi weka na kipande cha mwanzo kile nilipokuwa nakata kiuno, angalau pale nilipendeza.