Igizo la Vijana Lisiishie kwenye Mawaidha

Maigizo ya jamii kuhusu afya ya akili na ujinsia wa vijana mara nyingi huharibika katika dakika za mwisho, pale waandaaji wanapoogopa kumwachia mtazamaji swali. Msichana aliyepata mimba hufukuzwa nyumbani iwe fundisho kwa wenzake, mvulana mwenye sonona huponywa na hotuba ya mzee mmoja, kisha watu hutawanyika wakiwa wamekwisha kuambiwa la kufikiri.

Nionavyo mimi, faida kubwa ya jukwaa ni kumpatia kijana mtu mwingine wa kumzungumzia. Kukiri mbele ya wakubwa kwamba hulali usiku na umechoka kuishi ni jambo zito mno. Kusema kwamba yule mhusika alikuwa hapati usingizi na hakuna aliyemuuliza kunawezekana, na wenye masikio watasikia. Ndiyo maana naupendelea mtindo ulioasisiwa na mwanatamthilia Augusto Boal wa Brazil katika miaka ya 1970, ambapo igizo hukomea kwenye tatizo bila suluhisho, likachezwa upya, na mtazamaji yeyote akaruhusiwa kulisimamisha, kupanda jukwaani na kushika nafasi ya mhusika anayeonewa ili ajaribu njia nyingine. Binti akijaribu hapo namna ya kumkatalia mpenzi anayemshinikiza, mjadala unaofuata huwa wa ukumbi mzima, wazazi wakiwemo.

Wapo wanaoshikilia kwamba kuyataja mambo haya ni kuyachochea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizi wazo hilo kichwani, na mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 unaonyesha kwamba elimu ya ujinsia haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Shirika hilo la afya hukadiria pia kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo wahusika halisi wamo tayari miongoni mwa watazamaji.

Kwa sababu hiyo hiyo nina msimamo mkali kuhusu usalama wao. Namna ya kujiua isiigizwe kamwe, kijana asilazimishwe kusimulia yaliyompata, na mshauri nasaha atambulishwe kabla ya onyesho, kisha abaki ukumbini baada ya wengine kuondoka. Kikundi ambacho hakijampata mshauri huyo ni bora kiahirishe onyesho.